Aliyemnyonyesha Mdogo Wangu

Mwezi uliopita nilikuwa Bendera kwenye harusi. Wakati wa kutambulisha ndugu wa bibi harusi, mshereheshaji alimwita mjomba, na aliyesimama ni mdogo wangu wa kiume, mtu wa milimani kabisa, amevaa suti yake ya kanisani na balaghashia aliyovalishwa asubuhi ile, ambayo ilikuwa imemkaa upande. Akapokea kilemba cha mjomba na vigelegele vikapigwa. Mama mmoja aliyekaa karibu nami kwenye jamvi, mgeni wa upande wa bwana harusi, akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini imekuwaje Mkristo huyu akawa mjomba wa mtoto yule. Nikamwambia habari yenyewe ni ndefu, tule kwanza. Pilau ikaja, tukala, na kweli sikumsimulia. Lakini njia nzima ya kurudi Same nilikuwa naisimulia moyoni, kwa hiyo acha nikusimulie wewe.

Sisi kwetu ni juu ya Bombo, pale ambapo migomba inashikilia udongo usiteremke wote bondeni. Nyumba ilikuwa ya Baba, lakini jiko lilikuwa la Bibi, mama yake Baba, na mtu aliyetaka kujua habari za nyumba yetu alikwenda jikoni. Moshi ulikuwa hautoki humo. Asubuhi ulikuta makande ya jana yamelala kwenye chungu kando ya mafiga, mahindi yamepasuka na maharage yamekuwa laini, na Bibi ameshaanza kukata mgomba wa kumlisha ng'ombe. Kazi zangu zilikuwa maji, kuni, kufagia zizi, na mtoto yeyote aliyekuwa mdogo kuliko mimi.

Mama wa Bendera tulimpata kwa sababu ya mvua. Alikuwa mwanamke mfanyabiashara wa kule tambarare, anapanda mlima kila wiki kuja gulioni kwetu na mchele, chumvi, nazi na perege wakavu, na kurudi na ndizi, maharage na tangawizi. Siku ya kuamkia gulio moja mvua ilimkuta mbele ya nyumba yetu, Bibi akamwita aingie akauke. Akakauka, akalala, na tangu siku hiyo hakuwahi kulala kwingine. Bibi alimnunulia sufuria yake, ikaning'inizwa kwenye msumari peke yake, na ole wetu tungeipikia kitu chochote ambacho yeye halili. Alfajiri nilizoea kumsikia akitawadha nje, na Bibi ndani anasoma sala yake kwa Kipare, kila mmoja kwa sauti ndogo ili asimkatishe mwenzake. Hatukuona ajabu yoyote. Tulimwita Mama wa Bendera kwa sababu alitoka Bendera, na sidhani kama mimi nilijua jina lake mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Mwaka ninaousema, Mama alikuwa na mimba kubwa na masika yalikuja vibaya. Udongo uliporomoka na kuifunga barabara chini yetu, magari hayapandi wala hayashuki. Pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikalia, na kwa kuwa kwetu ikilia hakuna anayebaki nyumbani, wanaume wote wakateremka na majembe, Baba akiwa mmoja wao. Mama wa Bendera alikuwa amepanda kwa miguu siku moja kabla, na mtoto wake wa kike mgongoni, aliyekuwa ameanza tu kuota meno. Kwa hiyo asubuhi Mama aliposhikwa na uchungu, nyumbani tulikuwa wanawake watupu.

Bibi alikuwa amepokea watoto wengi pale kijijini, na huyu naye alimpokea bila shida. Mimi nilikuwa nje nachemsha maji nikasikia analia, wa kiume, ana sauti ya kugombana. Nikafurahi. Kisha nikamwona shangazi, dada yake Baba, ametoka na kanga iliyolowa damu, akarudi ndani na nyingine, akatoka nayo imelowa. Bibi akatokea mlangoni. Sikuwahi kuuona uso wake vile. Akaniambia nikimbie nyumba zote niwaite akina mama, wote, hata yule aliye na kidonda mguuni.

Walikuja. Wakakitoa kitanda cha kamba, wakamlaza Mama na kumfunika magunia juu ya mablanketi, wakakinyanyua mabegani. Kumbeba mgonjwa ilikuwa kazi ya wanaume, lakini siku hiyo hakuna aliyelitaja jambo hilo. Walishuka kwenye matope wakielekea hospitali ya misheni kule chini, wanapokezana kona za kitanda, mmoja mbele akiwaambia wapi pa kukanyaga. Shangazi alitusimulia baadaye kwamba walipofika penye maporomoko, wanaume walitupa majembe, Baba akapokea kona ya kichwani bila kuuliza kitu, na akina mama wakakaa pale pale kwenye matope, kwa sababu magoti yao ndiyo kwanza yalikumbuka kuchoka.

Bibi hakwenda. Miguu yake ilikuwa haiwezi tena mteremko ule, na mtoto asingeweza kuchukuliwa kwenye mvua ile. Tulibaki jikoni, Bibi, Mama wa Bendera, mimi, na vichanga viwili. Mdogo wangu alilia. Bibi akamjaribu kwa maji ya sukari kwenye ncha ya kijiko, akayatema. Akamjaribu kwa maziwa ya ng'ombe aliyoyachanganya na maji, akatapika. Kilio kikaanza kupungua, na hata mimi mtoto nilielewa kwamba kupungua kule hakukuwa kuzuri. Mama wa Bendera alikuwa amekaa ng'ambo ya moto, binti yake amelala mapajani. Akamlaza binti kwenye gunia, akanyoosha mikono.

"Mama, nipe huyo mtoto."

Bibi akamtazama. "Na wako je?"

"Wangu anakula uji. Huyu hana kitu."

Bibi akampa. Mdogo wangu alihangaika kidogo, akashika ziwa, na jiko likawa kimya. Nakumbuka mvua kwenye bati, na ule mlio mdogo wa kumeza. Bibi aligeukia ukutani akajifanya anatafuta chumvi.

Baba alirudi kesho yake, amelowa mpaka kofia. Alisema Mama yu hai, ameongezwa damu, na damu yenyewe ni yake yeye Baba, lakini hawezi hata kukaa, na wauguzi wamesema mtoto abaki kwenye joto hadi mama yake apate nguvu. Alipoambiwa mtoto ananyonya kwa nani, alikwenda akasimama mbele ya Mama wa Bendera, kisha akatoka kwenda kupasua kuni. Alipasua kuni nyingi mno.

Siku hizo ndizo nilizokuwa mama mdogo. Binti wa Mama wa Bendera alihamia mgongoni mwangu. Nilimpikia uji wa ulezi, nikaupoza kwa kuumimina kikombe hadi kikombe, na yeye akawa ananitazama kwa macho ya mtu aliyedhulumiwa, kwa sababu alijua kabisa mahali pake pamekaliwa na mwingine. Mama yake alimnyonyesha mwishoni, kilichobaki. Nepi nilizianika juu ya moto kwa kuwa nje hapakukauka kitu. Bibi alitaka mnyonyeshaji ale kuku, lakini kuku wa kuchinjwa na nani? Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa Mwislamu, nikatumwa kumwita. Alikuja na chaki bado mikononi, akachinja, akarudi kufundisha. Mara ya pili hakungoja kuitwa. Alipita mwenyewe kuuliza kama kuku wamekwisha.

Si kila mtu alifurahi. Jirani yetu mmoja, mama wa kanisani mwenye sauti, alikuja kukaa na Bibi akasema watu wanasema mtoto hajabatizwa bado na tayari anakunywa ya watu wengine, na maziwa nayo yana mambo yake. Mama wa Bendera alikuwa pale pale, akainamisha macho. Bibi aliendelea kuchambua maharage.

"Basi toa ziwa lako wewe," akamwambia. "Nitamchukua nikupe sasa hivi."

Jirani alikuwa na wajukuu. Alikunywa chai yake akaenda zake, na kwa haki niseme, jioni alirudi na maziwa mabichi kwenye kibuyu, akayaacha mlangoni.

Tulichokiogopa zaidi ni mume wa Mama wa Bendera. Hakukuwa na simu, mkewe alikuwa haonekani, na kule tambarare watu walisikia mlima umeua. Mvua ilipolegea alifika, mtu mrefu, mkulima wa mpunga, matope hadi mapajani, fimbo mkononi. Bibi alimkaribisha, na yeye akamwamkia shikamoo kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta. Akamwona mkewe jikoni ana mtoto kifuani, na binti yake yuko mgongoni kwangu. Mama wa Bendera hakusimama. Nadhani aliogopa kumkatisha mtoto. Bibi alimweleza yote tangu mwanzo, polepole, na kumalizia kwamba kama kuna kosa basi ni lake yeye mwenye nyumba, na mke wake asilaumiwe.

Yule baba akakaa kwenye kigoda. Akamuuliza mkewe, "Anashiba?"

"Anashiba."

Kisha akaomba maji ya kunawa, akanawa, akamchukua mdogo wangu na kumtazama vizuri, kama mtu anayetazama mche.

"Basi huyu ni mwanangu," akasema. "Na huyo wa mgongoni ni dada yake. Msije mkasahau mkawaozesha."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Yule baba alikaa nasi, akamsaidia Baba kuzibua mfereji wa kutoka ndivani, bwawa letu la kumwagilia, akateremka peke yake. Mkewe alimwacha kwetu aendelee kunyonyesha.

Mama alirudi barabara ilipofunguka, mwembamba, rangi ya majivu, anatembea kwa kushikiliwa. Alikaa kando ya moto, Mama wa Bendera akamwekea mtoto mapajani. Mdogo wangu akamkataa. Aligeuza shingo akitafuta harufu anayoijua, akalia, na Mama naye akaanza kulia, bila sauti. Mama wa Bendera alinyanyuka akatoka nje. Nilimfuata. Alienda mbali kwenye migomba, mahali ambapo upepo usingepeleka harufu yake nyumbani, akasimama pale na mikono imejikunja kifuani, na kanga yake mbele imelowa. Sikujua wakati ule kwamba kilio cha mtoto kinayaita maziwa. Alisimama hadi kukawa kimya ndani. Shangazi akatokea mlangoni akatupungia mkono kwamba ameshika. Mama wa Bendera akapumua, akaniambia tuokote kuni basi, tusirudi mikono mitupu.

Tangu hapo tukawa na sikukuu mbili. Krismasi walipanda wao, Idi tuliteremka sisi, na mdogo wangu alikuwa na mama wawili wa kumchapa na kumshonea nguo. Yule binti wa mgongoni kwangu, aliyechangia naye ziwa, ndiye mama wa bibi harusi wa mwezi uliopita. Siku moja, nikiwa msichana mkubwa, nilimshukuru Mama wa Bendera kwa maneno, kama tulivyofundishwa shuleni. Alishangaa kidogo. Akasema maziwa yalikuwepo, na mtoto alikuwepo, angefanyaje?

Leo barabara ya Bombo inapitika karibu mwaka mzima. Mchele unapanda kwa gari na kushushwa dukani, na hakuna mwanamke anayelala njiani na mzigo wake. Jiko la Bibi lilibomolewa; mke wa mdogo wangu anapikia gesi, na simwonei wivu wala simlaumu, macho yake ni mazima, ya Bibi yaliharibika kwa moshi. Hata kitanda cha kubebea mgonjwa hakihitajiki, namshukuru Mungu. Nikipita pale, ninachokitafuta bila kukiona ni mlango ule uliokuwa haufungwi, ambao mtu aliyelowa aliingia kukauka akawa ndugu.

Mimi nilijifungua mtoto wa kwanza hapa Same. Maziwa yakachelewa. Baba wa mtoto akatuma habari mlimani na Bendera, na wale akina mama wawili, wote wazee wakati huo, wakashuka kwenye magari mawili tofauti siku hiyo hiyo, mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na kapu la perege. Wakaingia jikoni kwangu wakafunga kanga viunoni na wakaanza kubishana. Mama alisema hakuna kama supu ya ndizi. Mama wa Bendera alisema ndizi inajaza tumbo tu, kinacholeta maziwa ni samaki na pilipili manga. Kila mmoja akapika yake, kila mmoja akaleta bakuli lake, wakasimama pande mbili za kitanda wakinitazama. Nikanywa zote mbili. Usiku haujaingia, maziwa yakaja, mengi, yakalowesha shuka. Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, na kila mmoja aliondoka akiamini ilikuwa supu yake.