Jeki Haikuteleza

Jeki haikuteleza. Naanza na hilo kwa sababu kwa zaidi ya mwaka sasa, Waswahili wote ninaowafahamu Stockholm wanaamini kwamba iliteleza. Wamenipa pole, wamenipa sifa, wamenipigia makofi kanisani. Lakini mimi ndiye niliyempiga rafiki yangu Aloyce kwa spana ya magurudumu. Jicho lake la kulia nimelitoa mimi, kwa mkono huu ninaoandikia.

Afadhali nimelisema!

Kabla hujanihukumu, unijue kwanza. Mimi si mhuni. Ni Mpare wa Same, nina stashahada ya ufundi wa magari, na niliipata kwa daraja la kwanza. Nilifika Sweden na begi moja na koti la kuazima. Sikuwa na mjomba wa kunipokea. Nilianza kwa kufagia gereji moja pale Upplands Väsby, na miaka minne baadaye nilikuwa nawaelekeza Waswidi wenyewe jinsi ya kusikiliza injini. Leo nimerudi nyumbani, nina gereji yangu na nyumba ya vyumba sita. Yote nimeyafanya mwenyewe. Sioni haya kusema hivyo, na kujisikia huko ndiko kulikonifikisha hapa.

Aloyce ni Mchaga wa Rombo. Alikuwa dereva wa basi la abiria mjini Stockholm, akiishi Alby, na kazi yake aliipenda kuliko chakula. Kwa wasiotoka kwetu, nieleze: Wapare na Wachaga ni watani. Mtani anakutukana mbele za watu nawe unacheka. Anakuita bahili, mpenda kesi, hata mwizi, na huna ruhusa ya kukasirika. Hata ukifiwa, wenzako wote wakilia, mtani anakuja msibani anaigiza sauti ya marehemu, anatembea kama yeye, anajilaza njiani jeneza lisipite. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Ni kazi yake. Na mtani hapigwi. Hilo kwetu hata mlevi analijua.

Baba yangu alifariki mwezi wa tisa. Sikwenda kuzika.

Niliwaambia watu kazi imenibana. Uongo! Ukweli ni kwamba nyumba yangu ya Same ilikuwa imefika kwenye lenta tu, juu ya madirisha. Nilikuwa nimetangaza kijiji kizima kwamba nitarudi siku nitakayofungua mlango wa nyumba iliyokamilika, si kabla. Nikaona aibu, mtu mwenye stashahada na miaka kumi na moja Ulaya, kusimama msibani nyuma yake kuna kuta zisizo na bati. Nikatuma pesa za jeneza la bei kubwa, nikatazama maziko kwenye simu, nimekaa kwenye chumba cha mapumziko cha gereji, na juu ya meza kuna kikombe cha kahawa. Ilipofika wakati wa kutupia udongo, bosi akaniita. Nikazima simu, nikaenda kufunga breki za gari la mtu.

Sikulia siku ile wala baada yake.

Januari, Aloyce akaniambia, "Mtani, una sura ya betri iliyokufa. Twende mahali." Nikapata tiketi za bei ya chini kabisa kwenda Moroko. Mpango ulikuwa kukodi kigari, kulala humo humo, na kupita mabonde makuu ya jangwani, Todra na Dades, ambako milima imepasuka na barabara inapita katikati ya mwamba. Tulibeba mablanketi, mikate, dagaa wa kopo na mayai ya kuchemsha kutoka Stockholm. Kwenye ndege Aloyce akasema kwa sauti, "Mtani, muulize yule dada kama kuna punguzo kwa abiria anayesafiri amesimama."

"Nyamaza, Mchaga mpenda pesa. Siku ukifa nitadondosha sarafu karibu na sikio lako, nione kama hutaamka."

"Utaidondosha wapi sarafu wewe? Mkono wa Mpare haufunguki!"

Tulicheka hadi watu wakageuka. Ndivyo tulivyokuwa!

Jangwa lile wakati wa baridi halina mzaha. Mchana jua linachoma, likijificha nyuma ya mwamba unatetemeka papo hapo. Asubuhi barafu ilikuwa imeshika kioo cha gari kwa ndani, pumzi zetu zenyewe zimeganda. Nilikuwa nimekataa kuwasha injini tupate joto kwa sababu ya mafuta. Aloyce akaikwaruza barafu kwa kucha, akasema, "Hili joto umeliweka benki, mtani? Litazaa lini?" Nikacheka, lakini kidogo. Kuna kitu kilikuwa kimeanza kunichoma.

Siku ya tatu tukafika kwa muuza chai mmoja, mahali ambapo njia ya kokoto inaiacha lami na kupanda mlima kutoka bonde moja kwenda jingine. Yule jamaa aliangalia matairi yetu, akatikisa kichwa. Akaonyesha juu, akapitisha viganja vyake kimoja juu ya kingine, kuonyesha jinsi gari litakavyoteleza.

Aloyce akasema, "Mtani, mwenye mlima amesema tuzunguke kwa lami."

"Anajua nini? Mimi naendesha kwenye theluji miaka kumi na moja."

"Stockholm matairi yana misumari. Haya ni kama sahani."

"Wewe endesha basi lako," nikamwambia. "Gari niachie mwenye cheti."

Ilipofika kama saa nane mchana, tukaingia kwenye kona inayoteremka, kivulini, barafu tupu. Nilikanyaga breki na gari halikunisikia. Likakwenda lenyewe, taratibu, kama mtu anayekusaliti huku anakutazama. Likagonga jiwe. Kioo cha pembeni upande wa Aloyce kiling'oka, tairi la mbele likapasuka kwa mlio uliorudi mara tatu kutoka kwenye kuta za mwamba, na mimi nikapiga kifua kwenye usukani hadi pumzi ikakatika.

Tulitoka tukiwa hai. Mtu mwenye akili angemshukuru Mungu. Mimi nililitukana jiwe, nikalipiga teke gari. Nikatoa jeki na spana, nikapiga magoti kwenye kokoto zenye barafu. Nati ya tatu ikagoma. Mimi, fundi, nati imenigomea! Vidole vimekufa ganzi, damu inanitoka kwenye mdomo, na nyuma yangu nasikia Aloyce anakohoa.

Alikohoa mara mbili.

Baba yangu alikuwa akikohoa hivyo hivyo kila alipotaka kusema. Tangu nikiwa mdogo, nikifungua baiskeli yake vipande vipande uani, alikuwa anatoka, anakohoa mara mbili, anauliza, "Fundi, umemaliza?" Aloyce alimfahamu. Kila alipokwenda likizo alipita Same kumpelekea mizigo yangu, akashinda naye wanataniana.

Nikageuka. Amejifunika blanketi begani kama mzee, ameinama kidogo, mpini wa jeki umekuwa mkongojo wake. Alikuwa baba yangu mtupu.

"Fundi, umemaliza?" akasema. "Mimi nimelala Same nakusubiri, kumbe uko huku unapigana na mawe!"

"Aloyce, acha."

"Nimepata jeneza, mwanangu. Linang'aa! Hata jirani zangu humu chini wananionea wivu. Lakini jeneza halikusema neno. Nilitaka fundi wangu ndiye aseme."

"Nimesema acha!"

Akasogea, mguu wa kushoto anauburuta kidogo, vile vile kama baba. Akanitazama kwa huruma, kisha akasema taratibu, "Au nyumba ilikuwa haijapauliwa?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba hiyo ndiyo sababu. Mtu yeyote! Alijuaje?

Niliinuka na spana. Pigo la kwanza lilimpata juu ya sikio, naye akacheka, jamani, alicheka! Alidhani bado tunataniana. Akashika kichwa, akaona damu kiganjani, akasema, "Mtani, umenipiga kweli?"

Hapo ningeweza kuacha. Pigo la kwanza nitasema ni hasira, na wewe msomaji labda utanielewa. Lakini nililisikia swali lake, nililielewa, na nikapiga tena. Pigo la pili ndilo lililoingia kwenye jicho. Alianguka chali kwenye theluji iliyokuwa pembeni ya njia, blanketi la baba bado liko begani. Nikamkanyaga mbavu, mara ngapi sijui. Nilikuwa napiga kelele, na bonde lilikuwa linanirudishia kila neno, "Mwongo! Mwongo! Mwongo!" mpaka nikashindwa kujua ni mimi ninayesema au ni mlima unaoniambia.

Hakuinua mkono hata mara moja. Alikuwa na mpini wa chuma mkononi, lakini hakunigusa.

Kilichonizuia ni honi. Lori la mbuzi lilikuwa linapanda, likasimama mbele ya gari letu. Nikadondosha spana. Theluji ilikuwa nyekundu, na damu ya moto ilikuwa imechimba vishimo humo. Mimi na dereva tukambeba Aloyce hatua kama ishirini hadi kwenye lori, tukamlaza katikati ya mbuzi ili apate joto lao.

Hospitalini daktari aliuliza kimetokea nini. Nilifungua mdomo. Aloyce, nusu ya uso imefungwa bandeji, akatangulia.

"Jeki," akasema. "Jeki iliteleza."

Nami nikasema ndiyo, iliteleza. Nikaeleza kitaalamu kabisa, kokoto, barafu, uzito wa gari, mpini uliofyatuka. Daktari akaandika.

Aloyce hakuniangalia.

Jicho halikupona. Stockholm wakamnyang'anya leseni ya basi. Yule mtu aliyekuwa akiwasalimia abiria kwa jina kila asubuhi akahamishiwa kuosha mabasi kwenye yadi. Na mimi? Mimi nilikuwa shujaa! Kwenye ibada ya Kiswahili pale Vårby gård nilisimamishwa nitoe ushuhuda. Zile hatua ishirini zilikuwa zimeshakua kilomita, na lori lilikuwa limepotea kwenye hadithi. Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, akarusha mikono juu: "Mungu asifiwe! Ule kaka alibeba mwenzake ku mugongo mu ma milima! Ni nani anaweza fanya vile?" Wakapiga makofi. Aloyce alikuwa kiti cha nyuma, miwani myeusi usoni. Alipiga makofi pia.

Nilijiambia amenisamehe. Nilijiambia, angetaka kunisema angekwishanisema. Nyumba ikakamilika, nikaacha kazi, nikaandaa sherehe ya kuaga kwenye ukumbi mdogo wa majengo ya akina Aloyce pale Alby, Jumapili mchana. Wakenya walikuja, Wakongo, Watanzania, pilau ya kutosha, nimevaa suti. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti: "Sasa tumlete mtani wake! Mpare leo atanyolewa bila maji!"

Ukumbi ulianza kucheka kabla Aloyce hajafika mbele. Walijua atanisema kwa ubahili wangu, kwa mayai yangu ya kuchemsha, kwa chochote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandaa jibu. Mungu wangu, nilikuwa na hamu ya kutukanwa!

Aloyce akashika kipaza sauti. Akanikabili kwa lile jicho moja.

"Mheshimiwa kaka yangu," akasema. "Nakutakia safari njema. Umsalimie mama."

Akarudisha kipaza sauti, akaenda kukaa.

Watu wakasubiri. Mmoja akacheka akidhani kichekesho kinakuja. Wakongo na Wakenya hawakuelewa, wakapiga makofi ya adabu. Lakini Watanzania wachache waliokuwemo walitazamana, kisha wakanitazama mimi. Mtani akikuita mheshimiwa, amekuzika.

Nilimfuata kwenye korido. Nilimshika mkono wa koti.

"Nitukane, Aloyce! Niite muuaji, niite bahili, chochote. Nitukane basi!"

"Natukana watani wangu, kaka."

"Mimi si mtani wako?"

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, bila haraka. Akaniachia nione.

"Baba yako alizikwa bila mtani wa kumcheka, na mwanawe hakumlilia," akasema. "Pale mlimani nilikuwa nafanya matanga. Nilitaka ulie. Nilikuwa sijamaliza."

Akavaa miwani, akateremka ngazi kwenda kupanda treni ya kuelekea yadi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona. Simu zangu anapokea. Ananijibu kwa heshima zote, kaka hujambo, kaka ubarikiwe, na anakata.

Sasa niko Same. Kaburi la baba nimelijengea marumaru, hakuna jingine kama lile kata nzima. Siku ya kumbukumbu niliwaalika Wachaga wote ninaowajua. Walikuja wamevaa vizuri, wakanipa mkono, wakala, wakashukuru. Hakuna aliyekohoa mara mbili. Habari za mtani kuniita mheshimiwa zilikuwa zimewafikia kutoka Stockholm, sijui kwa kinywa cha nani, na hakuna aliyenisuta kwa neno hata moja. Walipoondoka nilikaa juu ya marumaru yangu, nikajaribu mwenyewe kuigiza sauti ya baba. "Fundi, umemaliza?" Haikutoka. Ilitoka sauti yangu tu.

Nakuandikia wewe msomaji, lakini barua hii nitaituma pia kwa ndugu wa ile ibada ya Stockholm, waisome mbele za watu, mahali pale pale niliposimama kujisifu. Wajue. Aloyce atakavyoamua baada ya hapo ni haki yake, hata akiamua kwenda polisi.

Wewe unayesoma hili ukiwa ugenini, unayesubiri bati liezekwe ndipo uende kumzika mzazi wako, nenda na kuta zako zikiwa wazi. Na akitokea mtu wa kwenu akasimama mbele yako na kumwigiza marehemu wako, hata kama kila neno linakuchana nyama, weka chini ulichoshika mkononi. Mwache amalize.