Aliyekufa Hakuwemo Kwenye Orodha

Kutoka Masasi hadi Dar es Salaam nilitumia siku tisa. Basi lilikwama kwenye matope Nangurukuru, tukalisukuma wanaume kwa wanawake. Tulipofika Rufiji mto ulikuwa umejaa, kivuko hakivuki. Tulilala juu ya mizigo, tukala mihogo ya wenyeji. Cheti changu cha kidato cha nne nilikuwa nimekifunga ndani ya kanga ya mama. Tangu hapo nimehama miji mingi, nimepita miaka arobaini na bado sijatulia, lakini safari ninayoiota mpaka leo ni ile.

Nilipanga chumba Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, nikapata ukarani kwa mkandarasi aliyechimba mitaro ya nyaya za umeme. Wenye umeme hawakumpa mkandarasi yeyote kazi kama hana bima. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi nilipeleka orodha ya vibarua wetu kwenye ofisi ya bima kule Mchafukoge. Aliyeumia, kama yumo kwenye orodha, alilipwa. Aliyekufa, walilipwa watu wake. Niliipenda kazi ile. Nilidhani mwandiko wangu mzuri unawalinda watu.

Ila tulikuwa na desturi yetu. Kibarua akikosa siku mbili, nafasi yake ilikwenda kwa wale waliosubiri nje. Basi mtu akiugua alimleta ndugu yake. Asubuhi ndugu aliitika jina la mgonjwa, akashika sururu, nami nikaweka alama. Nyapara alijua. Sote tulijua, na tuliona huo ndio utu.

Kulikuwa na kibarua mmoja wa kwetu kusini, mtu mzima mwenye ndevu. Alipopata malaria akamleta mdogo wake, aliyekuwa amefika mjini karibuni na mkewe na mtoto wa kunyonya. Kijana alipoitika jina la kaka yake, mtaro mzima ulicheka.

"Malaria imekunyoa ndevu, mzee!"

"Imenirudishia ujana," akajibu. "Muulizeni mke wangu."

Alifanya kazi siku nane. Ya tisa tulikuwa Jangwani, mvua imenyesha usiku kucha, na ukuta wa mtaro ukamwangukia. Tulifukua kwa mabeleshi, kisha kwa mikono tukiogopa kumkata. Tulipomtoa alikuwa na udongo mdomoni.

Hospitalini nyapara alitoa jina lililokuwa kwenye daftari, jina la kaka mtu. Tulipotoka makaburini, yule kaka alinivuta pembeni. Bado alikuwa anatetemeka kwa homa.

"Karani, acha iwe hivyo hivyo. Andika nimekufa mimi."

"Na wewe utaishi vipi?"

"Nitarudi shamba. Kule hakuna anayeita majina asubuhi. Shemeji yangu apate chochote cha kumlelea mtoto."

Nilikubali. Nilimpa mkono.

Siku ya kwenda Mchafukoge mjane alifuatana nami, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, mtoto mgongoni. Ndani alikuwapo mkaguzi wa bima, mtu mpole, miwani puani.

"Ndugu karani, marehemu ulimjua?"

"Nilimjua."

"Ndiye huyu aliyeandikwa hapa?"

Nilitakiwa kusema ndiyo. Akanisogezea karatasi nitie sahihi, na chini yake nikaliona jina langu limepigwa taipu. Nikawaza jela. Nikawaza pia, kwa ujinga wa mtu aliyesoma kidogo, kwamba nikieleza ukweli wote huyu mzee atatuonea huruma.

"Hapana," nikasema. "Ni mdogo wake." Nikamweleza kila kitu, mpaka malaria na utani wa ndevu.

Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika kalamu yake. "Pole sana, ndugu. Lakini huyo kwetu hayupo."

Nje mjane alisimama. "Wamekubali, shemeji?"

"Bado," nikamwambia.

Niliandika barua ya kuwaomba wafikirie upya. Mkandarasi alinituma kwa wenye umeme, wenye umeme wakanirudisha kwa mkandarasi, wote wawili wakasema mambo ya ajali yako kwa watu wa bima. Wiki zikapita. Kila nilipomwona mjane nilisema bado.

Jibu lilipofika nilimpelekea chumbani kwao. Hakujua kusoma. Shemeji yake alikuwa mlangoni, hakunitazama. Alishajua nilichosema Mchafukoge, lakini hakumwambia mjane. Nikasoma. Madai hayawezi kushughulikiwa, kwa kuwa mhusika hakuwa miongoni mwa wafanyakazi waliokatiwa bima.

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole.

"Jina lake wamelitaja wapi?"

"Hawakulitaja. Wameandika mhusika."

Alimhamishia mtoto titi la pili. "Kwa hiyo hata hao wanaomkataa hawamjui," akasema. Hakulia. Aliniomba ile karatasi, akaikunja, akaichomeka chini ya godoro.

Nikataka kumwambia kwamba ni mimi. Nikasema nitakuja kesho.

Nilikwenda baada ya siku nne, nimeshaacha kazi, begi liko mkononi. Mpangaji mwingine alikuwa anapiga deki chumba chao. "Wale wa kusini? Wameshakwenda kwao." Nyumbani kwao na kwetu ni barabara moja, nisingeweza kuipita bila kukutana nao. Nikatembea hadi stesheni, nikapanda treni ya bara.