Vigingi Vinne Katika Shamba la Mama

Nthenya Muthama alikuwa mhadhiri wa fizikia jijini Nairobi, na kila mwaka alichomwa na swali lilelile kutoka kwa wanafunzi wapya: "Daktari, ukimaliza fizikia unafanya kazi gani, mbali na kufundisha?" Wengi wao walikuwa wamewekwa hapo kwa sababu alama zao hazikutosha kusomea udaktari au uhandisi, na walikuwa wakitafuta njia ya kuhama kabla hata ya kujua maabara iko wapi. Nthenya aliwajibu kwa maneno, na maneno hayakumzuia hata mmoja.

Katikati ya miaka ya themanini wanafunzi waligombana na polisi, chuo kikafungwa kwa muda usiojulikana. Kila mwanafunzi alirudishwa kwao na kuamriwa aripoti kwa chifu kila wiki. Nthenya naye alirudi nyumbani, mbele kidogo ya Matinyani, wilayani Kitui. Hakurudi mikono mitupu. Alikuwa amepewa ruhusa ya kubeba chombo cha idara cha kupimia ardhi: sanduku lenye mishale ya kusomea, betri ya lori, vigingi vinne vya chuma na nyaya ndefu.

Sokoni aliwakuta watatu wa mwaka wa kwanza wamekaa barazani mwa duka, wametoka kuripoti: Kiema, Mulei na Ndila, msichana mwenye ulimi mkali aliyekwisha kuomba kuhamia masomo ya biashara.

"Jumamosi mje kwetu," Nthenya akawaambia. "Nitawaonyesha kazi ya fizikia. Si ubaoni, shambani."

Wakaja. Mvua zilikuwa zimekataa mwaka huo, na shamba la mama yake lilikuwa gumu kama sakafu. Nthenya akawaeleza kwamba umeme ungeingia ardhini kwa vigingi vya nje, na vile vya ndani vingeonyesha kama ardhi inaupitisha au inaukataa. Mwamba mkavu huukataa, uliolowa huupitisha, na hapo ndipo pa kuchimba maji. Kadiri unavyosogeza vigingi vya nje mbali ndivyo unavyoona chini zaidi. Hawakuwa wamesoma hata namba moja chifu alipotokea na askari wawili.

"Mwiitu wa Muthama," chifu akamwita kama binti wa baba yake, "mkutano huu una leseni?"

"Si mkutano, Chifu. Ni somo."

"Chuo kimefungwa. Somo gani tena?" Akaizunguka ile betri. "Nyaya, mitambo, wanafunzi wa chuo. Mnaongea na nani?"

"Na mawe," akasema Ndila. Kauli hiyo haikusaidia kitu. Chombo kilibebwa, kikafungiwa katika kambi ya askari wa chifu.

Kuanzia hapo Nthenya alikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Leo chifu yuko Kitui mjini, kesho yuko matangani, keshokutwa ufunguo uko na mtu mwingine. Alikuwa na shahada tatu, na alisimama juani nje ya ofisi ya mabati akiambiwa angoje. Usiku alimwambia mama yake kwamba wangemwita mchawi angeelewa, lakini kuitwa mpinduzi kwa ajili ya kutafuta maji!

Mwishowe sajini mmoja wa kambi ile alikubali kumsikiliza. Nthenya akaanza na ukinzani wa umeme, uso wa sajini ukajikunja. Ndila, aliyekuwa amekuja kuripoti, akashindwa kuvumilia.

"Afande, ukishika waya wa stima na mikono mikavu, na ukiushika na mikono imelowa, ni wapi utarushwa zaidi?"

"Ikilowa."

"Sasa ardhi ni hivyo hivyo. Hii kitu inauliza ardhi kama imelowa huko chini."

Sajini akalitazama sanduku. "Na mkinyamaza tu mkachimba?"

"Tutachimba mahali pakavu," Ndila akasema, "kama kile kisima cha kanisa kisichotoa hata tone."

Sajini akacheka, akaenda kuzungumza na chifu. Chombo kikatoka, lakini nyaya zilikuwa zimekatwa. Kipande kirefu kilikuwa nyuma ya nyumba za askari, kimeanikiwa mashati. Nthenya alipokidai aliambiwa ashukuru kwa alichopewa. Alitembea na Ndila hadi nyumbani, machozi ya hasira yakimtoka.

"Daktari, sasa swali langu limejibiwa," Ndila akasema. "Kazi ya fizikia ni kubembeleza chifu."

Walipima hata hivyo, kwa nyaya zilizobaki. Namba zikaruka ovyo, hadi Ndila alipogundua kwamba vigingi havikushikana vizuri na udongo mkavu. Ikabidi wamwagie maji kidogo kila kigingi.

"Mnatafuta maji kwa kumwaga maji?" mama akalalamika, akiwa ametoka kuyachota kwenye mchanga wa mto.

Namba zikatulia. Kadiri walivyosogeza vigingi mbali ndivyo zilivyozidi kushuka, dalili kwamba kulikuwa na kitu kilicholowa huko chini. Kisha nyaya zikaisha. Ndila akavuta waya mpaka ukamkata kidole.

"Inashuka! Daktari, ilikuwa inashuka! Hawa watu wameanika mashati juu ya majibu yetu!"

Miaka yote darasani Nthenya hakuwahi kuona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akikasirikia jambo lililostahili kukasirikiwa.

Chuo kilipofunguliwa, Kiema na Mulei walihama. Ndila alibaki, akinung'unika mpaka siku ya kuhitimu, na baadaye akaajiriwa na wizara ya maji, akapima visima upande wa miji ya Wote na Mbumbuni. Nthenya alilaumiwa na idara kwa ajili ya nyaya, na akakatazwa kutoa chombo chochote nje ya Nairobi. Aliomba ruhusa tena kila mwaka, akanyimwa kila mwaka, akarudi kwenye ubao na maneno yake.

Shamba la mama halikuingia katika mpango wowote wa kuchimba. Ndila aliuliza mara mbili huko wizarani, akaambiwa angoje.