Matumbo meupe pe yalivyokaribia kuninyima mke

Wakuu wa jukwaa, hamjambo? Vuteni stuli. Haya yalinipata mimi mwenyewe hapa Umoja na sijaongeza chumvi. Chumvi niliongeza kwenye sufuria, na haikusaidia.

Mimi ni Mkamba, dereva wa lori huko Industrial Area. Nina mchumba, Nekesa, binti wa Bungoma, na tumefika pale pa kupeleka wazee kuposa. Lakini kwao wazee hawapokei mgeni kabla shangazi hajaja kumkagua kijana. Akirudi na "hapana", ni hapana.

Shangazi akatuma neno: Jumamosi anakuja, na anapenda matumbo.

Nikamwambia Nekesa asiguse jiko, huu ni mtihani wangu.

Sasa, mimi nimekua nikijua matumbo masafi ni meupe. Ukijani ni mavi ya ng'ombe, tusidanganyane. Nikazunguka vibanda vya soko nikitafuta meupe zaidi, hadi kwa jamaa anaitwa Baba Brayo. Yake yalikuwa meupe kama shati la usher kanisani. Nikajipongeza.

Nikakaanga kitunguu, nikatia tangawizi na dania. Mvuke ulipopanda, nyumba ikanuka kama wodi iliyotoka kupigwa deki. Nikajiambia ni tangawizi.

Shangazi akafika, akaomba sala ndefu, akatafuna kipande kimoja. Akaweka kijiko chini.

"Kijana, hii ng'ombe ilikuwa inaogelea wapi?"

Nekesa akaangalia dari. Mimi nikaona ng'ombe wangu wa mahari wakirudi kwetu Machakos wenyewe. Niliogopa, wakuu, siwafichi.

"Sisi matumbo tunaosha na maji, tunaacha ukijani kidogo," akasema. "Ule uchungu ndio utamu. Sasa hii umepika ama umefua?"

Akafunga leso vizuri. "Nipeleke kwa huyo amekuuzia."

Baba Brayo alipotuona hakushtuka. "Mathe, ni dawa kidogo tu ya kung'arisha. Macustomer wa huku wanataka white. Nikiweka ya green inalala hapa mpaka nzi wanaboeka."

"Dawa gani?"

"Inakuja na mtungi. Haina jina."

"Na watoto wako wanakula hii?"

Baba Brayo akainama chini ya meza, akatoa furushi la gazeti. Ndani kulikuwa na matumbo ya rangi yake, kijani kijani, yakinuka ng'ombe.

"Hii ni ya nyumbani," akasema, akiangalia viatu vyake.

Wakuu, nilichemka! Kisha nikakumbuka nani alizunguka soko zima akitafuta meupe kama shati. Wahenga walisema kizuri chajiuza, ila hawakusema kimeogeshwa na nini.

Shangazi akachukua lile furushi. "Leo hii naenda nayo mimi. Wewe pelekea watoto hiyo nyeupe."

"Ai, mathe, hapana!" Jamaa alijibu haraka kuliko alivyotaka, na watu wa kibanda jirani wakacheka.

Shangazi akalipa, akanigeukia, akaniwekea furushi mikononi.

"Beba, mkwe. Twende nikufundishe kuosha."

Mlisikia hilo neno? Nililibeba furushi kama mtoto mchanga.

Funzo langu ni hili: sisemi kila cheupe ni sumu, mimi ni dereva tu. Lakini iwe matumbo, unga ama cream ya uso, ukiona kinang'aa kupita kiasi, usiulize kama ni safi. Muulize muuzaji kama anapelekea watoto wake, halafu mwangalie macho.

Wenye ujuzi wa dawa za chakula, hebu tuelezeni ile mitungi isiyo na jina huwa na nini. Na wewe uliyewahi kula nyama inayonuka swimming pool, funguka hapa chini.

Wazee wanapanda Bungoma Desemba. Ule uchungu bado sijauzoea, lakini kila Jumapili naumeza nikitabasamu.