Kurasa Nane za Kitabu cha Ngao

Baba yangu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu mjini Unguja. Misahafu, vitabu vya fiqhi, madaftari ya mahakama, vyote vilipita mikononi mwake. Tulipohamia Ibra, upande wa Maskati, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alileta sanduku moja la vitu vyake mwenyewe: sindano, nyuzi, kipande cha mfupa cha kukunjia karatasi, na kitabu kimoja cha Kizungu chenye umri wa miaka kama mia nne.

Kitabu hicho alikipata kwa hakimu wa Kizungu. Hakimu alikileta kishonwe upya, kisha safari ikamjia ghafla, akamwambia baba abaki nacho, wala hakurudi tena. Kilikuwa kitabu cha ngao za koo za mabwana wa Ulaya. Kila ukurasa una ngao yake, na ndani ya ngao simba amesimama kwa miguu miwili, au tai wa vichwa viwili, au samaki, au mnara. Picha zilichapwa kwa vibao vya mti, halafu mtu akazipaka rangi kwa mkono. Maandishi yalikuwa ya Kilatini, wala hapana nyumbani aliyeelewa hata neno moja. Baba hakujali. Alikishona akifuata matundu yale yale ya fundi wa kwanza, na alikuwa akisema kwamba lau wangekutana wangeelewana.

Kaka yangu alikuwa akifanya kazi Nizwa, kwenye kampuni ya barabara. Mdomo wake ndio uliotuponza. Alimhadithia habari za kitabu mhandisi wake, Mzungu aliyekuwa akikusanya sarafu, majambia na vitabu vya kale. Ijumaa moja akamleta nyumbani. Mhandisi akala wali na sisi, akanawa, akafunua kurasa kwa ncha za vidole, taratibu kama mtu wa kazi hiyo. Alieleza kuwa vitabu kama kile vimebaki vichache mno na kwamba wakusanyaji huzunguka dunia kuvitafuta. Mwisho akaomba aazimwe kwa mwezi mmoja.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu, si mtoto wa kunyamazishwa. Nikasema kitabu kisitoke. Kaka akanikata jicho. Baba akasema hawezi kumnyima mtu aliyekula kwake.

Mwezi ukawa miezi mitano. Kilirudi kwa mkono wa kaka, kimefungwa kitambaa safi. Baba alikipima mkononi kabla ya kukifungua, uso ukambadilika. Akapitisha kidole katikati ya kurasa, pale penye mshono, akahesabu kimya kimya. Kurasa nane zilikuwa zimekatwa kwa wembe, karibu kabisa na uzi, na karatasi zilizoshikana nazo upande wa pili zilikuwa zimelegea.

Kaka akasema huenda hazikuwepo tangu zamani.

"Nimekishona mimi," baba akamwambia. "Unanieleza mimi?"

Nikamtaka kaka anipeleke Nizwa. Akakataa, akasema nitamharibia kazi. Nikamwambia basi nitakwenda na teksi, nimuulizie mhandisi kazini kwao, mbele ya watu wote. Ndipo alipochukua ufunguo wa gari.

Tuliziona ukutani mara tu tulipoingia nyumbani kwa mhandisi. Kurasa nne, ndani ya vioo, zimepangwa baina ya majambia. Mhandisi hata hakuona haya. Alinieleza kwa upole, kama anayesomesha, kuwa wakusanyaji wengi hufanya hivyo, na kwamba kitabu kilichofungwa sandukuni hakimfai mtu. Nne nyingine alikwisha kuwapelekea marafiki zake Ulaya. Akaongeza kuwa zilizo nzuri zaidi ametuachia kitabuni.



"Baba yangu alikupa wali na akakupa kitabu," nikamwambia. "Wembe hakukupa."

Nikaziangua moja moja. Akamwambia kaka anizuie. Kaka hakunizuia, lakini alisimama mlangoni akimwomba mhandisi radhi, mara mbili, mara tatu, na hilo lilinichoma kuliko wembe wenyewe. Nikazipakata garini mpaka Ibra.

Baba alizirudisha zile nne kwa vipande vya karatasi nyembamba na gundi ya unga. Hakunishukuru. Alisema nimemtia aibu kwa mtu aliyepata kuwa mgeni wake. Nikamuuliza kama yeye hana hasira.

"Ninayo," akasema. "Lakini sasa hivi nabandika. Shika hapo."

Nikashika, nikiwa nimekasirika naye pia.

Zile nne nyingine hazikurudi. Kaka hakufukuzwa kazi. Mwaka uliofuata mhandisi akaondoka na mizigo yake. Baba alipofariki, kitabu kikawa changu. Kabla ya miaka ya themanini kwisha walikuja wakusanyaji wawili kukiulizia, mmoja kutoka Maskati, mmoja kutoka Ulaya. Wote wawili niliwarudisha kutoka kizingitini, na kahawa sikuwapa.