Nilivyompeleka Mwanangu Chuo kwa Matarumbeta

Jamani, mkinikuta Kariakoo nimejifunika mtandio hadi puani msidhani ni vumbi, ni aibu, na aibu yenyewe nimepikiwa na watu wawili ambao nawataja: Bi Mwajuma, jirani yangu wa ghorofa ya pili hapa Mchafukoge, na Kasimu wa matarumbeta.

Binti yangu Rehema alipomaliza kidato cha sita kila mtu alikuwa na lake. Kaka yangu Shomari (ndiye aliyenitoa shule darasa la tano nikauze vitumbua, na simsamehe) akasema, "Aolewe, anangoja nini?" Rehema akasema anataka uuguzi. Nikamwambia Shomari mbele ya wapangaji wote kwamba mwanangu haolewi, anasoma, asiyetaka ameze wembe. Na chuo akapata.

Sasa asubuhi ya kuripoti, godoro na ndoo tumeshapakia kwenye kigari cha mizigo, kirikuu, Bi Mwajuma akachungulia dirishani: "Mama Rehema, mtoto wa kwanza wa ukoo kwenda chuo, unamtoa kimyakimya kama umemwiba?"

Neno likaniingia. Nikamwita Kasimu na vijana wake, nikamuuliza nyimbo za shule wanazo?

"Mama, sisi tunapiga chochote."

Mwongo mkubwa! Walijua za harusi tu, na mimi nilivyolewa furaha sikusikia tofauti, njia nzima nimesimama nao nyuma ya gari napiga vigelegele, Rehema kajikunja kiti cha mbele, "Mama, waambie wanyamaze," namjibu atulie, leo ni leo.

Getini, foleni ya wanachuo wapya. Mlinzi akatuzuia: "Ukumbi wa harusi siyo hapa, mama." Rehema akashuka mbio, godoro likamshinda, kijana mmoja kwenye foleni (mtoto wa watu, kaniamkia vizuri kabisa) akashika upande wa pili. Basi! Kasimu kuona binti na kijana wamebeba godoro moja wanaingia bega kwa bega, akaupandisha wimbo wa kumkabidhi bibi harusi, foleni nzima ikaitikia, simu zote juu, na mimi (Mungu anisamehe, mikono ilifanya yenyewe) nikawatandikia kanga yangu wapite juu yake.

Rehema akaliachia godoro. "Mama, nageuza. Hapa sisomi."

Moyo ukanishuka hadi kwenye ndala. Nikamfukuza Kasimu, nikajitwika godoro kichwani. "Sawa, mwanangu, turudi. Mjomba wako atafurahi sana."

Akanitazama weee, akanipokonya godoro. "Nenda nyumbani, mama." Akaingia.

Jioni Shomari akapiga simu, video imeshamfikia, anacheka hadi anakohoa: "Zuhura, umemwoza mtoto bila kunishirikisha?" Nikamkatia.

Chuoni wanamwita Bi Harusi mpaka leo. Juzi kaja, kanipima presha kwa mkono wake mwenyewe, kasema iko juu, nipunguze shughuli. Nimeapa: siku ya mahafali nakwenda peke yangu, kimya, mikono nimeikalia.