Ufunguo Uliofungwa kwenye Plagi

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtaani Kimironko, nikisubiri skrubu zangu, alipoingia mama mmoja amekumbatia drili kama mtoto mchanga. Mumewe, mzee mwenye plasta mpya kidoleni, alimfuata nyuma.

"Nipe kamba fupi, ngumu," mama akamwambia muuzaji.

"Ya kufunga nini, Mama?"

"Huu ufunguo wa kubadilishia biti, hii ncha ya kutobolea. Ufunge huku mwisho wa waya, kwenye plagi."

Kisha akamwonyesha mumewe kwa kidevu. "Huyu anabadilisha biti plagi ikiwa bado ukutani. Jana aligusa swichi, biti ikazunguka na kidole. Sasa ufunguo hautafika kwenye biti mpaka achomoe plagi."

"Cheri, mpenzi, plagi iko mbali sana," mzee akalalamika.

"Ndiyo maana."

Muuzaji akafunga kamba huku akicheka. Mzee akalijaribu fundo kwa ukucha. Halikulegea.

Nikashindwa kunyamaza. "Mama, si ungemnyang'anya tu hiyo mashine?"

"Anapenda kutoboa. Nyumba yetu imejaa rafu zisizo na kitu. Mwache atoboe. Mashine nitapata ingine, lakini vidole hivi nimeshavizoea."

Mzee akatazama chini, akatabasamu, akampokea drili.

Nilipofika nyumbani niliitazama drili yangu. Ufunguo wake unazurura tu sandukuni, na mimi sina mtu wa kunifungia kamba.